Mgonjwa Anapouliza, Muuguzi Ajibu Nini?

Barua zilizotufikia mwezi huu zimeandikwa na wauguzi na wakunga wa vituo vikubwa na vidogo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nimwambie nini mgonjwa wangu? Nimechagua saba. Nimefanya kazi wodini na baadaye nimefundisha wauguzi kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mawasiliano ya kitiba ni somo ambalo wanafunzi hulifaulu bila taabu darasani, kisha likawashinda mbele ya kitanda cha mgonjwa. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani aliyebobea katika magonjwa ya akili, alifundisha tangu mwaka 1952 kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe, na mimi nimezijibu barua hizi nikiliamini hilo kabisa.

SWALI: Niliajiriwa mwaka jana katika wodi ya wanawake. Yupo mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi ambaye kila ninapokwenda kumbadilishia dripu hunishika mkono na kuniuliza, "Sista, nitapona?" Nimesoma faili lake na ninajua kwamba ugonjwa umesambaa. Humjibu, "Utapona mama, usijali, Mungu yupo," kisha ninaondoka na uzito moyoni. Nifanye nini? (Muuguzi, Mbeya)

JIBU: Uzito unaoondoka nao ni dalili kwamba umelisikia swali, kwa hiyo usiharakishe kuuondoa. Kiswahili kimejaliwa maneno mengi ya kutuliza, kama vile "usijali", "jikaze", "utapona" na "Mungu yupo", na ni maneno mema yanapotoka kwa jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa akiwa na machungwa yake kwenye mfuko. Yakitoka kwa muuguzi aliyesoma faili, mgonjwa huyapokea kama taarifa. Florence Nightingale alilikemea jambo hili mapema sana. Katika kitabu chake kuhusu uuguzi kilichotoka mwaka 1859 alitenga sura nzima kuwasihi watu wanaomzunguka mgonjwa waache kummwagia matumaini ya maneno matupu, kwa sababu mgonjwa hutamani kumpata walau mtu mmoja wa kuzungumza naye waziwazi na hampati.

Mimi nilijifunza hilo kwa gharama ya mtu mwingine. Nikiwa na miaka miwili kazini, mzee mmoja mwenye saratani ya ini aliniuliza swali hilohilo, nami nikamwambia kwamba atapona. Alifariki siku tatu baadaye. Mwanawe alipokuja kuchukua vitu vyake, shuka, kikombe cha plastiki na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, aliniambia bila hasira yoyote kwamba mzee alikuwa amekusudia kumwita kaka yake kutoka Tabora ili wayamalize mambo ya shamba, lakini akaahirisha safari hiyo kwa kuwa "nesi amesema nitapona". Kijana yule hakunilaumu, na kwa kweli ningependa angenilaumu.

Kwa hiyo, mama yako akikuuliza tena, kwanza kaa. Vuta stuli au kaa ukingoni mwa kitanda kama ameridhia, macho yenu yalingane, kisha umrudishie swali kwa heshima: "Mama, nimekusikia, na si mara ya kwanza kuniuliza. Leo umeamka ukiwaza nini?" Baada ya hapo nyamaza. Ukimya huo utakuwa mzito kwako kuliko kwake, kwa sababu yeye anatafuta maneno na wewe unatafuta njia ya kuondoka; hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema lolote. Mara nyingi utasikia jambo ambalo hukulitarajia. Mama mmoja niliyekaa naye hivyo aliniambia, "Binti yangu yuko darasa la saba. Nataka kujua kama nitakuwepo akifanya mtihani." Hapo tulikuwa na jambo la kushika mkononi: afisa ustawi wa jamii aliitwa, dada wa mgonjwa akaja, na utaratibu wa nani atakaa na mtoto ukajulikana mama mwenyewe akiwa bado na nguvu za kuutoa. Cicely Saunders, aliyeanza kazi kama muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufariki, huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii yako mwilini, moyoni, katika mahusiano yake na katika imani yake kwa pamoja, na morfini, dawa ya maumivu makali, peke yake hugusa sehemu moja tu.

Lipo swali lililobaki: je, umwambie kwamba hatapona? Kuutoa ukweli huo peke yako, ukiwa umesimama na dripu mkononi, si wajibu wako, lakini kusema uongo pia si wajibu wako. Unaweza kusema, "Hali ya ugonjwa wako daktari anaijua vizuri kuliko mimi, na una haki ya kuelezwa. Nitamwomba aje tukae pamoja. Ungependa nani wa nyumbani awepo?" Kisha mwambie daktari siku hiyohiyo, na kama hospitali yenu ina timu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, iarifu. Mama akimtaja Mungu, mfuate huko anakokwenda, muulize ni sala gani inampa nguvu au ni nani angependa aje kumwombea. Ninachokusihi ni kwamba usimtaje Mungu wewe kwanza kwa ajili ya kuyafunga mazungumzo.

SWALI: Mimi ni mkunga. Wiki iliyopita mama alijifungua mtoto aliyekuwa amefariki tumboni. Wenzangu walimwambia, "Pole, wewe bado kijana, utapata mwingine," nami nikasema hivyohivyo. Aligeukia ukutani na hakuzungumza tena hadi alipotoka. Tungesema nini? (Mkunga, Morogoro)

JIBU: "Pole" ilitosha. Neno hilo limebeba mengi kuliko tunavyolidhania, na lingemfikia vizuri kama lingesemwa mara moja, kwa sauti ya chini, kisha msemaji akabaki pale alipo. Kilichomgeuza ukutani ni "utapata mwingine", maana yeye alikuwa anamlilia huyu aliyembeba miezi yote hiyo, aliyekuwa akimpiga teke usiku, ambaye huenda jina lake lilishachaguliwa.

Tuanze nyuma kidogo, wakati wa kumpa habari. Tunapenda kusema "hatusikii mapigo ya moyo" kwa sababu neno "kufariki" linatuchoma mdomoni. Nimewahi kumsikia mama akijibu maneno hayo kwa kuuliza, "Basi yatarudi lini?" Mkunga aliyesimama pale aliinamisha kichwa, na mama akakaa saa nzima akiyasubiri mapigo yarudi. Mwambie wazi, kwa neno asiloweza kulielewa vingine: "Mama, nina habari mbaya. Mtoto amefariki." Kisha usiongeze kitu. Maelezo ya sababu, ya namna atakavyojifungua na ya taratibu za mwili yatakuja baadaye, na itabidi kuyarudia, kwa kuwa mtu aliyepokea pigo kama hilo hasikii sentensi zinazofuata.

Mtoto akishazaliwa, muulize kama angependa kumwona au kumpakata, na mpe muda wa kufikiri. Wapo wanaotaka na wapo wasiotaka, na zipo familia ambazo mila au dini yao ina utaratibu wake kuhusu mwili wa mtoto. Kazi yako ni kuuliza, usimlazimishe na usimkatalie. Akitaka, mfute mtoto, mvike nguo aliyoletewa au mfunge katika kanga ya mama mwenyewe, na mlete kama unavyomleta mtoto yeyote, umeshikilia kichwa chake. Muulize kama alikuwa na jina. Ukishalisikia, litumie.

Yapo pia mambo ya kawaida ambayo hakuna anayemwambia. Maziwa yataanza kujaa baada ya siku mbili au tatu, na mama ambaye hakuonywa hujiona kwamba mwili wake unamdhihaki, akiwa nyumbani kwake na matiti yamevimba na hana wa kumnyonyesha. Mweleze kabla hajaondoka, pamoja na namna ya kupunguza maumivu yake na dalili za kumrudisha kituoni, kama vile homa, kutokwa damu nyingi au uchafu wenye harufu. Mtafutie kitanda mbali na wazazi wenye watoto. Kama wodi ni moja na haiwezekani, weka pazia, na waombe wenzako wasimpongeze kwa mazoea wanapopita. Shirika la Afya Duniani katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu uzazi lilisisitiza kwamba kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kuwa naye anapojifungua. Ninaona kwamba mama huyu ndiye anayemhitaji mtu huyo kuliko wote, hata kama utaratibu wa wodi yenu unawazuia ndugu kuingia.

SWALI: Ni muuguzi wa kiume. Napokea akina bibi wasiojua Kiswahili, na wajukuu wao ndio wanaotafsiri. Juzi bibi alizungumza karibu dakika tatu, mjukuu akaniambia, "Anasema tumbo tu." Baadaye iligundulika kwamba alikuwa anatokwa damu ukeni kwa miezi mingi. (Muuguzi, Shinyanga)

JIBU: Mjukuu huyo hakukudanganya kwa ubaya. Aliyasikia maneno ambayo hakustahili kuyasikia kutoka kinywani mwa bibi yake, na akayafunika kwa neno moja lenye heshima. Bibi naye huenda alisema machache kuliko ambayo angesema, kwa sababu alikuwa akipima kila neno mbele ya mtoto wa mwanawe.

Ndugu anaweza kutafsiri mahali pa kulipia na njia ya kwenda maabara. Kwa habari za uke, haja, ndoa, kupigwa au matokeo ya vipimo, mtafute mfanyakazi mwenzako anayejua Kisukuma, na kwa bibi huyo ingefaa awe mwanamke mtu mzima, hata akiwa mhudumu wa usafi, mradi amefundishwa kutunza siri na kusema yaliyosemwa bila kupunguza. Mtazame bibi unapozungumza, usimtazame mkalimani, na usiseme "muulize kama...", sema "Bibi, maumivu yalianza lini?" kana kwamba anakusikia moja kwa moja. Sentensi ziwe fupi. Maelezo marefu yakirudi kwako kama neno moja, sema kwa upole, "Naona bibi amesema mengi. Niambie yote, hata kama unaona hayana maana."

Kwa kuwa wewe ni mwanamume, na mara nyingi wagonjwa watakuita "daktari" hata ukijitambulisha vinginevyo, mamlaka yako ni makubwa kuliko unavyofikiri. Ianze ziara yako kwa salamu. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, iliyotamkwa vibaya asubuhi na kijana wa kutoka mbali humfanya bibi atabasamu, na "shikamoo" inaeleweka hata kwa wengi wasiojua Kiswahili kingine. Omba ruhusa kabla ya kuuliza ya ndani: "Bibi, kazi yangu inanilazimu kuuliza mambo ya faragha. Je, niulize mimi, au nimwite dada?" Akisema aitwe dada, usione kwamba umekataliwa. Utaratibu huuhuu wa mkalimani unamhusu pia mgonjwa kiziwi, ambaye mara nyingi huletwa na mtoto wake wa miaka kumi kumtafsiria kwa lugha ya alama mambo ambayo mtoto wa umri huo hapaswi kuyabeba.

SWALI: Ninahudumu kliniki ya kifua kikuu. Ninawaeleza wagonjwa vizuri, ninawauliza kama wameelewa, wanasema ndiyo, halafu wanaacha dawa. Je, ni ukaidi? (Muuguzi, Tanga)

JIBU: Wako wachache wakaidi. Lakini "Umeelewa?" ni swali lenye jibu moja tu kwa mtu aliyelelewa kumheshimu mkubwa na mtaalamu, kusema "sijaelewa" ni kama kukuambia kwamba umeeleza vibaya. Uchukue mzigo huo wewe: "Nataka nijue kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, mkeo akikuuliza dawa hizi unazimezaje na kwa muda gani, utamwambiaje?" Kisha msikilize bila kumkatiza, na mahali alipopotea pafundishe upya kwa maneno mengine, halafu umwombe akueleze tena.

Utashangaa unachosikia. Dozi ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, na minne ya dawa mbili. Wapo wanaodhani kwamba dawa zikipungua baada ya miezi miwili maana yake wamepona, na kikohozi kikiwa kimekwisha na uzito umerudi, hakuna kinachowashawishi vinginevyo. Wapo walioogopa siku ya kwanza tu, mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hufanya hivyo, na rangi hiyo haina madhara, nasi tunalijua hilo kiasi kwamba tunasahau kulisema, na mtu aliyeona mkojo mwekundu chooni peke yake huamini kwamba dawa inamwua.

Chunguza pia unavyoandika saa. Ukimwandikia mgonjwa "8:00" ukiwa na maana ya asubuhi, yeye anayesoma saa kwa Kiswahili ataisoma saa nane na atameza mchana. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno, au ifungamanishe na jambo analolifanya kila siku, kama vile kabla ya chai au baada ya sala ya alfajiri.

SWALI: Nina kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Jana usiku aliniambia, "Afadhali ningekufa palepale barabarani," kisha akaniomba nisimwambie mtu. Nilimwambia asiseme hivyo, kuna watu wasio na miguu yote miwili na wanaishi. Naogopa kumuuliza zaidi nisije nikamtia wazo hilo kichwani. (Muuguzi, Nakuru)

JIBU: Barua yako nimeisoma kabla ya nyingine zote, na jibu langu la kwanza ni kwamba uyafanye haya leo, kabla ya zamu yako kwisha.

Kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Shirika la Afya Duniani limelieleza hili mara nyingi, na kila muuguzi wa magonjwa ya akili atakuthibitishia kwamba mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu, kwa sababu ameondolewa kazi ya kuficha. Mwendee wakati ndugu hawapo, vuta pazia, kaa, na umwambie: "Jana uliniambia ni afadhali ungekufa barabarani. Nilikujibu haraka, na nimerudi ili nikusikilize. Je, unafikiria kujiua?" Litumie neno hilo lenyewe. Ukiuliza, "Huna mawazo mabaya, sivyo?" umeshamfundisha jibu unalolitaka.

Akisema hapana, kwamba amechoka tu na hajui atawalishaje watu wake bila mguu, hapo una mazungumzo ya huzuni na ya riziki, nayo yanahitaji muda, mtoa ushauri nasaha na mtu wa kumweleza kuhusu mguu wa bandia. Akisema ndiyo, endelea kuuliza kwa sauti ileile: amefikiria kufanya nini, ana nini cha kufanyia, amepanga lini, na aliwahi kujaribu zamani? Kadiri majibu yanavyokuwa na mpango, kifaa na wakati, ndivyo hatari inavyokaribia. Mtu wa namna hiyo haachwi peke yake hata kwa dakika za kwenda kumwita daktari. Mwombe mwenzako akae naye. Ondoa karibu yake dawa alizozilimbikiza, nyembe na kamba. Mwarifu daktari wa zamu, omba tathmini ya magonjwa ya akili, na uandike kwenye faili maneno aliyoyasema kama alivyoyasema.

Kuhusu siri, hapo ndipo wauguzi wenye huruma hunaswa. Usiahidi usichoweza kukitimiza. Sema, "Mambo yako mengine yatabaki kati yetu. Hili la uhai wako sitaweza kulibeba peke yangu, nitamwambia daktari, na ninakwambia kabla sijafanya hivyo ili usidhani nimekuzunguka." Huenda akakasirika. Kubali akasirike. Huenda pia anaogopa polisi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, nawe unaweza kumwambia kwamba unachomwitia ni msaada wa matibabu.

Kuhusu maneno uliyomwambia usiku, najua yalitoka moyoni. Lakini kumtajia mwenye shida kubwa zaidi humwongezea aibu juu ya maumivu, na hali huwa hiyohiyo ukimwambia kwamba ni dhambi au kwamba awafikirie watoto wake. Amekwisha kuwafikiria. Huenda ndiyo sababu anajiona mzigo kwao. Muulize, "Ni nini kimekufikisha hadi leo?" na kama atawataja watoto, iwe ni yeye aliyewataja.

SWALI: Ndugu wa wagonjwa hutufokea mapokezi usiku, wengine hutishia kutupiga. Mnatufundisha upole, lakini upole una mwisho. (Wauguzi wawili, Dar es Salaam)

JIBU: Una mwisho, na vitisho vya kupigwa ndio mwisho wenyewe: ondokeni mahali hapo, mwiteni mlinzi, na mtoe taarifa kwa maandishi. Hakuna mbinu ya mazungumzo inayowataka mvumilie ngumi.

Kwa kelele zisizofika huko, kumbukeni kwamba anayefoka mara nyingi ana hofu na hajaambiwa kitu tangu mgonjwa wake alipopitishwa mlangoni. Msimwambie "tulia", kwani sijapata kumwona mtu aliyetulia kwa kuambiwa hivyo. Mtoeni pembeni, mbali na watazamaji, na mmtajie kile mnachokiona: "Baba, umesubiri saa mbili na hujui mwanao yukoje. Hata mimi ningekasirika." Kisha mpeni habari halisi, hata ikiwa ndogo: mtoto amewekewa oksijeni, daktari yuko naye, nitarudi kwako kabla ya nusu saa. Aliyekosewa aombwe radhi bila kuelezwa kwanza uchache wa watumishi, ambao ni kweli lakini kwa wakati huo haumsaidii.

SWALI: Yote haya ni mazuri, lakini usiku tuko wawili kwa wodi nzima. Muda wa kukaa na mgonjwa tutaupata wapi? (Muuguzi, Mwanza)

JIBU: Una haki ya kuuliza, na uchache wenu ni jambo la kuwasilishwa kwa uongozi mara kwa mara, kwa maandishi. Hata hivyo muda unaohitajika ni mfupi kuliko tunavyouogopa. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tangu waanze kueleza shida yao. Utafiti mwingine, uliofanywa Kansas na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba wagonjwa waliotembelewa na daktari aliyekaa kwenye kiti walidhani amekuwa nao kwa muda mrefu zaidi kuliko wale aliowatembelea akiwa amesimama, ingawa muda wenyewe haukuwa mrefu zaidi. Dakika moja ya kukaa, basi, humfikia mgonjwa kama ziara.

Tumia pia muda ambao mikono yako tayari iko kwake. Unapofunga kidonda, unapopima presha au unapomgeuza mgonjwa wa kiharusi, usizungumze na mwenzako juu ya kichwa chake kuhusu mshahara; muulize yeye usiku ulikuwaje. Mgonjwa akianza jambo zito wakati kitanda cha pili kinakuita, sema saa utakayorudi, "Nitarudi saa nne," na urudi. Ukizidiwa, mtume mwenzako akamwambie kwamba umechelewa, kwa kuwa tangu saa tatu na nusu atakuwa anautazama mlango.

Na wakati wa kukabidhi zamu, pamoja na dripu, mkojo na joto la mwili, ongeza mstari mmoja wa maneno ya mgonjwa mwenyewe kwenye kitabu cha makabidhiano: kitanda namba 8 anawaza mtihani wa binti yake, kitanda namba 11 hajaambiwa sababu ya kukatwa mguu na amesema yuko tayari kuambiwa. Muuguzi wa asubuhi akiukuta mstari huo atajua pa kuanzia, na mgonjwa hatalazimika kuianza upya habari yake kwa mtu wa tatu tangu alazwe.